Ukapteni wa mganda nauacha uwanjani

Nilianza kucheza mganda nikiwa na miaka 42, baba wa watoto watatu, na kitambi ambacho bukta nyeupe ilikikataa kabisa. Kwetu Mbinga, kahawa ikishavunwa na kuanikwa, jioni zinapata nafasi. Wengine wanakwenda kilabuni, mimi nikajiunga na kikundi.

Mganda si ngoma ya juzi. Ulienea kando ya Ziwa Nyasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wakiigiza gwaride la askari wa wakoloni. Ndiyo maana tunajipanga mistari, ngoma kubwa inaita hatua, na vibuyu vinavuma kama tarumbeta. Kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukiimba ndani yake, ndipo kinavuma. Hata vyeo vyetu ni vya jeshi.

Mwaka wa tatu nikapewa ukapteni. Hapo ndipo nilipoharibika. Filimbi nilikuwa nalala nayo. Watoto wakichelewa kuamka, napuliza.

Siku moja tulishuka Mbamba Bay kucheza na wenzetu wa ziwani. Mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka 14, alikuwa mstari wa mbele na kibuyu chake. Tukageuka kulia, yeye akageuka kushoto. Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka ngomani. Mimi nikasimamisha ngoma na kumfokea mbele ya wote: “Unaniaibisha!”

Aliweka kibuyu mchangani, akaondoka. Safari nzima ya kupanda milima kurudi Mbinga hakusema neno.

Usiku mke wangu akaniambia, “Baba watoto, hao askari mnaowaiga walikuwa wanalipwa. Wewe umeajiriwa na nani?”

Sikulala. Kwa wiki mbili nilimwambia kijana arudi mazoezini, lakini nilisema kama natoa amri. Hakurudi. Mwishowe nikamwomba msamaha mbele ya kikundi kilekile kilichonisikia nikifoka. Sauti ilinitetemeka, na filimbi nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Wazazi wenzangu, sijaacha mganda. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, niko uwanjani, bukta imepigwa pasi. Hatua ikikosewa tunairudia hata mara kumi, kwa sababu jambo unalolipenda linastahili jasho. Ila ninapokosea mimi, na ninakosea sana, nacheka kwanza, ndipo narudia. Nikifika mlangoni kwangu, mimi ni baba tu.

Kijana alirudi, lakini kwenye mstari wangu hakutaka tena, nami sikumlazimisha. Alichagua ngoma kubwa. Siku hizi yeye anapiga, na kapteni mzima namfuata.