Mgeni wa Siku Mbili katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Watu wengi watokao mashambani kuja Nairobi kwa shughuli ya siku moja au mbili, kama vile kufuatia hati ya shamba au kumtazama mgonjwa, hurudi kwao wakisema kwamba wameuona mji. Wakiulizwa wameona nini, hutaja majumba marefu ya katikati ya mji, wingi wa magari na taa za usiku. Juu ya chakula husema tu kwamba kilikuwa ghali na kidogo. Hao wameuona mji nusu. Nusu ya pili iko upande wa mashariki, katika mitaa iitwayo na wenyeji Eastlands, na huko ndiko Mwafrika wa Nairobi alikopanga, alikopika na alikolea watoto wake kwa zaidi ya miaka mia moja.

Si safari ndefu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuondoka katikati ya mji asubuhi akafuata barabara ya Landhies, akipita Muthurwa na kituo cha mabasi ya Machakos, na kabla jasho halijamtoka sawasawa atakuwa amekwisha kuingia katika mitaa hiyo. Jina la barabara lenyewe lina habari. Landhies zilikuwa safu za vyumba walivyojengewa wafanyakazi wa reli, kila mlango umeshikana na wa pili kama mabehewa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na vyumba vya namna hiyo vilifuata nyuma yake.

Yafaa mgeni ajue jambo moja kabla ya kuketi mezani, maana litamweleza mengi atakayoyaona. Nyumba nyingi za kale za upande huu hazikujengwa kwa ajili ya jamaa. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika aliye mjini kuwa ni mpita njia, mwanamume pekee aliyekuja kuuza nguvu zake na ambaye mke na watoto wake wamebaki kwao wakilima. Kwa hiyo alipewa nafasi ya kitanda, wala si nyumba, na mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja. Hata mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ndiyo kwanza ikatoa shauri kwamba mshahara wa chini uhesabiwe kwa kumfikiria mtu mwenye mke na watoto. Mtu aliyepewa kitanda katikati ya vitanda vya wenziwe hana mahali pa kuweka jiko. Basi akala nje. Na kwa kuwa alikula nje, wakatokea akina mama waliompikia uji, maharagwe na chai kando ya njia, wakifukuzwa na askari wa Manispaa leo na kurudi kesho. Kula nje ambako mahali pengine ni anasa ya wenye fedha, huku kulianza kama dawa ya nyumba isiyo na jiko.

Dawa hiyo imekuwa tamu. Mahali pa kuionja ni soko la Burma, katika mtaa wa Shauri Moyo, karibu na uwanja wa mpira. Jina la Burma lilitokana na askari wa Afrika Mashariki waliopigana katika nchi hiyo wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Huko nyama huning'inia mbele ya macho ya mnunuzi. Mgeni huchagua mwenyewe mbavu au paja, hutaja nusu kilo au kilo, nayo hupimwa mbele yake. Wageni wengine huona haya kuitazama mizani, wakidhani ni utovu wa adabu, hakuna haya hapo, na mwenye nyama mwenyewe atasema, "Tazama mzee, usije ukasema nimekupunja." Kisha nyama hupelekwa motoni, na mgeni hungoja. Asiyependa kungoja asije Burma. Ikiisha kuiva huletwa juu ya ubao, hukatwakatwa kwa kisu kikubwa, pembeni huwekwa chumvi, na ugali na kachumbari hufuata. Mikono huoshwa kwa maji ya moto, uma hautafutwi.

Akiisha kula, afadhali atembee kidogo. Uwanja wa mpira ulio karibu ndio ambao kwa miaka mingi uliitwa City Stadium, na mwaka 2019, baada ya kufariki kwa mchezaji mashuhuri Joe Kadenge, ukapewa jina lake. Wazee wa mitaa hii wanaweza kueleza mchezo wa Gor Mahia na A.F.C. Leopards wa miaka arobaini iliyopita kana kwamba filimbi imelia jana.

Nyuma ya uwanja ni Kaloleni, na hapa mgeni ataona tofauti mara moja. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya watu wenye jamaa. Nyumba zake ni za chini, zimepangwa kuzunguka viwanja vya majani na miti iliyokwisha kuzeeka. Katikati kuna ukumbi ambamo Waafrika walikutana kujadili mambo ya siasa wakati hawakuwa na nafasi ya kutosha katika Baraza la kutunga sheria, hata watu wakauita Bunge lao. Ni jengo la kawaida, na mpita njia asiyeambiwa ataliacha bila kugeuza shingo.

Majina ya mitaa inayofuata barabara ya Jogoo yanastahili kusomwa polepole. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa K.A.U. aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa, jina lililopewa Ofafa Jericho, Ofafa Maringo na mitaa mingine, ni la Ambrose Ofafa, diwani aliyepigwa risasi mwaka 1953. Wote wawili waliuawa katika siku za Hali ya Hatari, na serikali ya wakati ule ikawakumbuka kwa majina ya nyumba. Walakini si mbali na hapo kuna mtaa uitwao Kimathi, kwa jina la Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa tarehe 18 Februari, 1957. Na jirani yake ni Bahati, mtaa ambao wapangaji wake Wakikuyu, Waembu na Wameru walizungushiwa seng'enge wakati wa msako mkubwa ulioanza tarehe 24 Aprili, 1954. Leo watoto wa mitaa hiyo yote hupanda matatu moja kwenda shule, na kondakta huyataja majina hayo kwa pumzi moja.

Siku ya pili, ikiwa ni Ijumaa, mgeni aelekee Pumwani. Mtaa huu ulianza yapata mwaka 1922, na tofauti na mingine, hapa Waafrika waliruhusiwa kujijengea nyumba zao wenyewe juu ya viwanja vya Manispaa. Ndiyo sababu sehemu yake moja yaitwa Majengo. Nyumba zilijengwa kwa mtindo wa Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wanawake waliochuma fedha zao mjini wakazitia katika udongo na bati. Ni vema kulikumbuka hilo kila mtu asemapo kwamba mji ulijengwa na wanaume. Baada ya sala ya Ijumaa harufu ya pilau hutoka uani, na asubuhi za siku zote kuna mahamri na mbaazi za nazi. Mtu wa bara ambaye hajapata kufika Mombasa aweza kuonja pwani hapa bila kulipa nauli ya gari la moshi. Mgeni akiingia na kutoa salamu kama ipasavyo, huitikiwa vizuri na kukaribishwa. Akiingia na kuchungulia milango ya watu kama mtazamaji wa wanyama, atatazamwa vivyo hivyo.

Toka Pumwani hadi Gikomba ni hatua chache. Gikomba ni soko la nguo za mitumba, mbao na samaki kutoka Ziwa Victoria, na ni soko lililojua maafa: moto wa Juni 2018 uliua watu kumi na watano. Huko mama wa samaki hukaanga ngege nzima mbele ya mteja, na sahani ya omena na ugali humshibisha mchukuzi aliyebeba mizigo tangu alfajiri. Mgeni ashike mfuko wake kwa mkono mmoja. Karibu na hapo ni Kamukunji, uwanja ambamo mkutano wa kudai vyama vingi ulizuiwa tarehe 7 Julai, 1990, na ambako mafundi wa jua kali hugonga bati mchana kutwa. Mkulima atapata karai, sanduku la mtoto wa shule ya bweni, na jiko la makaa, ambayo ni zawadi bora kuliko picha ya jumba refu.

Eastleigh yataka siku yake peke yake. Kwa ufupi, tangu serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 mtaa huo umekuwa soko kubwa la Wasomali, na huko mtu aweza kula anjera asubuhi, na mchana wali kwa nyama ya ngamia, akiwekewa ndizi mbivu kando. Wengine huicheka ndizi hiyo mpaka waile.

Mitaa hii inabadilika, na si kila badiliko ni baya. Mapaa yanavuja, mabomba yamezeeka, na chumba kilichokusudiwa vitanda vichache kimelala vizazi vitatu. Kwa hiyo mipango ya kubomoa nyumba za chini na kusimamisha za ghorofa ina sababu zake. Lakini wazee wana kumbukumbu. Kijiji cha kale cha Pangani kilibomolewa mwaka 1939, na wengi wa watu wake wakahamia Pumwani na Shauri Moyo. Na mwaka 2020 mtaa wa Halmashauri wenye jina lilo hilo la Pangani, uliokuwa na nyumba 48, ulibomolewa pia ili kupisha majengo marefu. Wapangaji waliahidiwa kurudi katika nyumba mpya. Mama aliyekuwa akikaanga mandazi langoni hana jina katika daftari la wapangaji, wala hapana mchora ramani aliyempa nafasi. Ndani ya kila nyumba ya ghorofa kuna jiko la kupikia, jambo jema ambalo babu zetu walinyimwa. Lakini kijana mwenye kibarua aingiaye mjini bila nyumba, na mkulima aliyekuja kwa siku mbili, bado watahitaji sahani ya chapati na maharagwe ya bei wanayoiweza, na mtu wa kuipika.

Mabasi ya kurudi mashambani huondoka kituo cha Machakos na vituo vingine mpaka jioni. Mgeni aliyechelewa atapata kando ya lango mahindi ya kuchoma yenye ndimu na pilipili, na mayai yaliyochemshwa, yakapasuliwa na kujazwa kachumbari. Huliwa kwa kusimama, mzigo ukiwa katikati ya miguu.