Sili ya Shilingi Elfu Sita

Kwa muda wa miezi kumi na mmoja, mama yangu, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, alichota maji kisimani kwa ndoo na kamba, ilhali mota ya umeme niliyomnunulia mimi mwenyewe imekaa kimya hatua tatu kutoka pale alipokuwa akisimama. Ninaiandika sentensi hii kwa aibu. Wasomaji wangu wamezoea kunisoma nikianza na makosa ya serikali. Leo ninaanza na yangu.

Nyumba yetu iko Ifakara, katika bonde la Kilombero, mahali ambapo maji ya ardhini hayako mbali. Kisima cha uani alikichimbisha marehemu baba. Kiangazi kikikolea, maji hushuka hadi mita sita hivi. Masika yakishika, hupanda hadi mtu akiinama anaiona sura yake karibu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, nikanunua mota ya mtumba yenye nguvu ya farasi moja kwa shilingi laki moja na themanini. Niliichagua ya mtumba kwa makusudi: ilikuwa nzito, ganda lake la chuma cha kuyeyusha, gurudumu lake la kusukumia maji la shaba, na koili zake zilizosukwa kwa waya wa shaba. Muuzaji aliniambia kwamba mashine kama ile ikitunzwa huzika watu. Neno "ikitunzwa" sikulisikia.

Niliipakia kwenye basi. Siku ilipofungwa, maji yakapanda hadi kwenye tangi la lita elfu moja, mama akapiga vigelegele, majirani wakaja, soda zikaletwa, nami nikatoa maneno machache na kupiga picha nilizozituma kwenye kundi la ukoo. Sikukata utepe, lakini nikitazama nyuma naona wazi kwamba ule ulikuwa uzinduzi, na mgeni rasmi nilikuwa mimi.

Mwaka wa pili mama alinipigia simu. Baada ya kunijulia hali alisema, "Baba, ile mashine yako inatoa machozi." Alimaanisha tone la maji lililokuwa likidondoka pale pampu inapoungana na mota. Nikamjibu, "Nitakuja niiangalie." Ulikuwa msimu wa kusahihisha mitihani. Baadaye akaniambia kwamba kila asubuhi inambidi aimiminie pampu jagi la maji ndipo ivute. Nikalipokea hilo kama malalamiko ya uzee. Kisha mashine ikaanza kupiga kelele za chuma kusagana. Jioni moja ikanguruma bila kuzunguka na swichi kuu ikajikata. Mama akaizima, akaenda stoo, akaitoa kamba ya zamani. Aliponieleza, nilisema tena, "Nitakuja." Katika kipindi hichohicho nilikuwa nikiandika makala ndefu kuhusu uwajibikaji katika miradi ya maji vijijini, na niliridhika nayo sana.

Aprili ya mwaka jana aliteleza kwenye ukingo wa kisima uliolowa mvua, akaangukia mkono wa kulia, ukavunjika kifundo. Nilifika hospitali usiku. Muuguzi alikuwa akijaza fomu na kuuliza maswali.

"Bibi, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nachota maji."

"Nyumbani hamna mashine?"

"Ipo," mama alisema, wala hakunitazama.

Siku iliyofuata nilimwita fundi, kijana wa mtaa wa jirani, nikakaa naye chini ya mwembe tangu asubuhi hadi alasiri. Boliti nne zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizilowesha mafuta akazisubiri, hakuzilazimisha. Alipoitenganisha pampu na mota, alinionyesha sili. Ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani: nyuso mbili zinazosuguana, moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zikikandamizwa na springi ili maji ya pampu yasivuke kuelekea kwenye mota. Maji yenyewe ndiyo huzipoza nyuso hizo. Kiangazi, maji ya kisima yaliposhuka na pampu ikavuta hewa, sili ilizunguka pakavu, ikaungua na kupasuka. Yale machozi aliyoyaona mama yalikuwa maji yanayopita kwenye ufa huo. Yakafuata ekseli, yakaingia kwenye beringi, beringi ikaota kutu, ikapiga kelele, ikakwama. Mota iliyokwama ikilazimishwa kuwaka huchemka, na kapasita nayo ikafa.

"Dokta," fundi aliniambia, "mashine haifi ghafla. Huwa inaaga kwanza."

Hata lile jagi la kila asubuhi lilikuwa na sababu. Mwisho wa bomba, ndani ya kisima, kuna valvu ya chini inayozuia maji yasirudi kisimani pampu inapozimwa. Punje za mchanga zilikuwa zimeishikilia isifunge. Ilihitaji kutolewa na kusuguliwa, kazi ya nusu saa. Na ile tabia ya kupandisha maji jioni, wakati umeme mtaani kwetu huwa mdogo, iliifanya mota ivute mkondo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile, na joto lake likaziumiza koili. Fundi alishauri tupandishe maji asubuhi.

Hesabu ilikuwa hivi: sili, shilingi elfu sita, beringi mbili, elfu nane, kapasita, elfu saba, ufundi, elfu kumi na tano. Jumla, elfu thelathini na sita. Kama ningefika siku ya machozi, ningelipa bei ya sili na ujira mdogo tu, na mkono wa mama ungekuwa mzima.

Tulipanda pia kwenye tangi. Mfuniko wake ulikuwa umepasuka. Chini palikuwa na tope jekundu la kutu linalotoka kwenye maji ya kisima chetu, kina chake vidole vitatu, na juu ya maji machache yaliyobaki walicheza viluwiluwi wa mbu. Ndugu msomaji, Ifakara ndiyo mahali ambapo Waswisi walifungua maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki mwaka 1957, ile iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambako wanasayansi kutoka mabara yote huja kujifunza habari za mbu na malaria. Nasi, nyumbani kwa msomi mwenye shahada ya uzamivu, tulikuwa tukiwafuga. Tulilisugua tangi, tukatia klorini, tukanunua mfuniko mpya, na bomba la kumwagia maji yanayozidi tukalifunga chandarua mdomoni.

Alipomaliza, fundi aliomba daftari. Aliandika tarehe, alichobadilisha, alicholipwa, na tarehe ya kurudi kukagua. Kisha akalitundika kwa uzi kwenye msumari karibu na swichi.

Nimelifikiria daftari hilo kwa muda mrefu, kwa sababu historia ya maji nchini mwetu kwa sehemu kubwa ni historia ya daftari lisilokuwepo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini uliokusudia kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumbani ifikapo 1991. Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini, kwa msaada wa Uholanzi, mkoa wetu wa Morogoro ulianza kuchimbiwa visima vifupi vya pampu za mkono. Kazi kubwa ilifanyika, na sitaki kuidharau. Lakini miongo kadhaa baadaye, vituo vya maji vya vijijini vilipohesabiwa kimoja kimoja, ilionekana kilichotokea baada ya soda kwisha. Sehemu ya takwimu hizo, zilizotoka Wizara ya Maji, hutumiwa hadi leo na wanafunzi wa sayansi ya data duniani kote kama zoezi. Ina vituo 59,400. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vikifanya kazi. Vilivyokuwa havitoi maji ni 22,824, karibu vinne katika kila kumi.

Kuna kundi la tatu ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka kwa sababu ni dogo: vituo 4,317 vilivyokuwa bado vinatoa maji lakini vinahitaji matengenezo. Zamani nami nililipita. Sasa silisomi bila kuisikia sauti ya mama kwenye simu. Hizo ni pampu 4,317 zilizokuwa zikitoa machozi. Nchi iliyaona na ikayaandika. Swali ni nani aliyekwenda na sili.

Tumezoea kusema kwamba Watanzania hatuna utamaduni wa matengenezo. Methali ya ufa na ukuta tunaifundisha tangu darasa la tatu, kisha tunajilaumu kwamba hatukuielewa. Siamini tena maelezo hayo. Mkoani kwetu kuna kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Miaka inapita na mitambo yake ingali inazunguka. Haizunguki kwa baraka. Hufunguliwa, hukaguliwa, hubadilishwa vipuri. Mafundi wake ni Watanzania walewale wanaodaiwa kutokuwa na utamaduni wa matengenezo.

Tofauti kati ya Kidatu na pampu ya kijijini ni nani anayekaa gizani kitu kikiharibika. Mitambo ya Kidatu ikisimama, athari zinafika hadi katika nyumba na ofisi za wanaoamua fedha ziende wapi. Pampu ya kijijini ikisimama, anayeumia ni mwanamke anayerudi mtoni na binti anayechelewa shule. Taarifa husafiri kwa kamati, kwa mtendaji, kwa wilaya, na kila anayeipokea anasema kwa nia njema kabisa, "Nitakuja." Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Sikuwa mvivu, wala sikuwa nimekosa elfu sita. Mota haikutengenezwa kwa sababu aliyesikia habari za machozi hakuwa aliyeshika kamba. Mimi nilikuwa na maji ya bomba.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na kuvitambua vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Ni hatua njema. Lakini chombo cha jamii ambacho lazima kiandike barua na kusubiri majibu ili kibadilishe sili kitakuwa katika hali ya mama: kinaona tone, kinapiga simu, kinangoja. Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, ombi langu ni dogo na halina utepe: anayeliona tone la kwanza awe na fedha ya kulizuia mkononi mwake, na vipuri vipatikane wilayani, siyo mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwa wanaharakati: msiulize tu mradi umegharimu kiasi gani; ombeni daftari lake. Kwa wanafunzi wangu: anayeleta malalamiko madogo mara nyingi anawasilisha taarifa ya kitaalamu kwa lugha asiyoisomea. Mama aliona kuvuja kwa sili na valvu isiyofunga kabla ya fundi yeyote, nami mwenye shahada tatu nikasikia uzee.

Nami nilifanya nililoweza nyumbani. Niliweka shilingi elfu hamsini kwenye kopo la majani ya chai, nikaandika namba ya fundi ukutani kwa herufi kubwa, nikamwambia mama asinisubiri tena. Mkono wake umeunga, ila ngumi haikunji sawasawa. Nazi anakuniwa na mjukuu.

Nilipokwenda Desemba, kabla ya kufungua begi nilipita kwenye swichi kulisoma daftari. Chini ya mwandiko wa Aprili palikuwa na mstari mpya: "12/11. Valvu ya chini, mpya. 9,000. Mama kalipa." Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ningekwambia ya nini, baba?" alisema. "Fundi alikuwepo."

Neno lile lilinichoma kidogo. Kisha nikafungua bomba la jikoni, nikanawa uso.