Tulienda Mutoshi Kukata Nywele



Jumamosi iliyopita mimi na binti yangu wa miaka 9 tulipanda pikipiki kutoka Manika kwenda Mutoshi. Hatukwenda matanga wala harusi. Tulienda kukata nywele. Jumapili wengi wenu mliniona na kichwa kifupi, na baadhi yenu mlinivuta kando mkaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nani amekufa?" Nimeona afadhali niwajibu wote hapa mara moja. Kwetu hakuna aliyekufa. Zilizokufa ni nywele zangu za mbele.

Nilianza kuweka defriza nikiwa na miaka 14, na kwa miaka 20 sikupumzika. Kati ya defriza moja na nyingine nilisuka meshi, na nilipenda zikazwe sana ili zikae miezi miwili. Kichwa kikiuma usiku nilimeza kidonge. Mwaka jana nilipofumua, niliona kila upande wa paji la uso ngozi tupu inayong'aa kama sahani. Niliacha defriza mwezi wa kumi na mbili kwa sababu ya woga tu, nikafunga kitambaa, nikanyamaza.

Ningeendelea kunyamaza kama si mtoto. Mwanzoni mwa Agosti, tukitayarisha vitu vya shule, aliniambia, "Mama, mwaka huu niweke dawa na mimi. Nywele zangu ni mbaya." Nikamuuliza ni nani aliyemwambia hivyo. Akaniangalia kwa mshangao. "Ni wewe, mama. Kila Jumamosi ukinichana unasema, nywele gani hizi!"

Siku hiyo sikupata jibu la kumpa. Jioni nilimpigia simu shangazi yake, dada ya mume wangu, anayekaa Mutoshi. Alikuwa amenieleza zamani juu ya yaya mmoja wa huko aliyejifunza kazi Lubumbashi, anayejua kukata nywele zetu jinsi Mungu alivyoziumba. Basi tukapanga siku.

Mnajua barabara zetu wakati wa kiangazi. Tangu mwezi wa tano mvua imekatika, na lori za migodi zinapita usiku na mchana. Pikipiki ikipita nyuma ya lori, unafunga macho na mdomo, unamkumbatia mtoto. Tulipofika, nyusi zetu zilikuwa nyekundu kama za wazee waliopaka udongo. Mtoto alicheka. Mimi nilijipapasa kichwa, nikasikia vumbi chini ya vidole kama unga.

Mutoshi si mahali pa jana. Wakati wa Wabelgiji mgodi wake uliitwa Ruwe, nao ulijulikana hata kabla ya mji wa Kolwezi kujengwa. Wazungu wa kwanza walifuata dhahabu huko, kisha shaba ikashinda. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, serikali ikaitaifisha mwaka 1967, na baadaye wazazi wetu wakaijua kwa jina la Gécamines. Siku hizi jina la Mutoshi linatajwa hata Ulaya kwa sababu ya kobalti. Mwaka 2018 kampuni ya Chemaf, pamoja na Trafigura na shirika la Pact, walizungusha uzio sehemu moja ili wachimbaji wa mikono wafanye kazi kwa utaratibu. Watoto na wanawake wenye mimba hawakuruhusiwa kuingia, lakini wamama wengine waliingia na kufanya kazi, ingawa sehemu nyingi bado wanasema mwanamke akikaribia shimo madini yanakimbia. Mpango ule ulisimama mwaka 2020, wakati wa Corona. Wamama hawakusimama. Mpaka leo wako wengi wanaolea watoto kwa kuosha na kuchagua mawe.

Wamama hao ndio tuliowakuta saluni. Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye kioo kimoja, benchi, na mabido matano ya maji yaliyopangwa ukutani. Wawili walikuwa wametangulia mbele yetu. Mmoja alikuwa na meshi mkononi, mpya, bado ndani ya karatasi yake. Alitaka asukwe haraka arudi nyumbani kunyonyesha.

Yaya wa saluni alimgusa nywele, akatazama vidole vyake, akasema kwa upole, "Mama, leo sikusuki kabla sijakuosha."

"Nitaosha nikifumua."

"Utafumua lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Basi vumbi la leo utalala nalo mpaka mwezi wa kumi. Na mtoto analala wapi? Si kifuani mwako, chini ya nywele hizi?"

Yule mama alikaa kimya kidogo, kisha akainamisha kichwa juu ya beseni. Maji ya kwanza yalitoka mekundu. Ya pili mekundu pia. Ya nne ndiyo yaliyoanza kuwa meupe. Sisi sote kwenye benchi tulikuwa tunaangalia beseni lile, na hakuna aliyesema neno.

Ndugu zangu, hilo beseni ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wao hapa kwetu Kasulo, kule ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima vumbi la nyumba, damu na mkojo. Watoto wa kule walikuwa na kobalti kwenye mkojo karibu mara kumi kuliko watoto wanaokaa mbali na machimbo. Vumbi linaingia kwa pua na kwa mdomo, na mtoto hutia mikono mdomoni kutwa. Barabara siwezi kuifagia, wala lori siwezi kulisimamisha. Lakini kichwa changu naweza kukiosha, ikiwa nywele zangu ni za kuoshwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Kwa miaka 20 nilikuwa na nywele ambazo haziwezi kuoshwa. Zikiwa na defriza niliogopa maji yasiharibu mtindo. Zikiwa na meshi niliogopa kupoteza pesa. Nilikaa katika mji wa vumbi, kichwa nimekifunga kama gunia.

Zamu yangu ilipofika, yaya aliniuliza, "Defriza ya mwisho uliweka lini?" Nikasema miezi minane iliyopita. Aliniosha, akanikausha kwa taulo bila kusugua, akangoja mpaka nywele zikakauka kabisa. Nilidhani anapoteza wakati. Akanieleza kwamba nywele zetu zikiwa na maji hunyooka, zikikauka hujikunja na kupanda juu. Anayekata zikiwa mbichi anakata asichokiona, na mteja akifika nyumbani anakuta upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Kwa hiyo yeye hukata zikiwa kavu, kishungi kimoja kimoja, akifuata jinsi kila kimoja kinavyojikunja.

Alinivutia kishungi mbele ya kioo. Chini, karibu na ngozi, zilikuwa nene, zimejisokota kama kamba ya katani. Juu zilikuwa nyembamba, zimelala kama uzi wa buibui. "Pale zinapokutana ndipo zinapokatika," akasema. "Ukizibakiza hizi za juu, zitakuvunjia na za chini." Akaanza kukata. Nywele hukua karibu sentimeta moja kwa mwezi, lakini zangu za miezi minane zilivyojikunja zilibaki kama pingili mbili za kidole. Nilipoona za miaka mingi zimelala sakafuni, machozi yalinitoka. Binti yangu alinishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, sasa unafanana na mimi."

Nilimwuliza yaya juu ya zile sehemu tupu. Hakunidanganya. Alisema mzizi ukivutwa miaka mingi hufa, na ukishafa haurudi. Sehemu iliyoanza kutoa vinyweleo vidogo ina matumaini, ile inayong'aa ina matumaini kidogo. Mtoto akisema kichwa kinauma baada ya kusukwa, au ukiona vipele kwenye mstari wa nywele, fumua siku hiyohiyo. Maumivu hayo si ya urembo.

Na juu ya defriza yenyewe, mjue ndani yake mna nini. Nyingi zina soda ile kali inayotumika kutengenezea sabuni, ndiyo sababu huunguza ngozi ukichelewa kuosha. Mwaka 2022 Taasisi ya Afya ya Marekani ilitoa utafiti uliofuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili kuliko wasiotumia. Kwa hesabu yao, katika wanawake 100 wasiotumia kabisa, hawafiki wawili watakaougua kabla ya miaka 70. Katika 100 wanaotumia mara nyingi, ni kama wanne. Hawakusema kila anayeweka ataugua. Lakini mimi niliyekuwa nataka kumwanzishia mtoto wa miaka 9, hesabu hiyo ilinitosha.

Wengine watasema nywele za asili ni mtindo mpya wa intaneti. Hapana. Katika Katanga hii, Waluba wa Shankadi zamani walisuka nywele kwa ngazi ngazi zinazoteremka nyuma ya kichwa kama maporomoko ya maji. Kazi moja ilichukua karibu saa 50. Usiku walilaza shingo juu ya mito ya mbao iliyochongwa ili nywele zisiguse chini, na mito hiyo leo iko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Bibi zetu hawakuona nywele zao kuwa ngumu. Waliziona kuwa zinastahili saa 50.

Sasa nawapa yale niliyofundishwa, ambayo hayahitaji pesa nyingi.

Anayerudi kutoka kwenye mawe au barabara ya vumbi afungue kitambaa nje ya nyumba, si ndani, akikung'ute mbali na watoto na akifue. Aoshe mikono na uso kabla ya kunyonyesha. Akiwa kazini afunge kitambaa mpaka kwenye paji la uso, bila kukaza.

Osha kichwa mara moja kwa wiki wakati huu wa kiangazi. Nusu bido inatosha kwa nywele fupi. Tumia sabuni ya nywele kwenye ngozi tu, povu litateremka lenyewe kwenye nywele.

Chana zikiwa na maji, kamwe zisiwe kavu. Anza na vidole, halafu chanuo lenye meno mapana, kutoka nchani kuelekea mzizi. Mtoto wangu alikuwa analia kila Jumamosi kwa sababu nilianza kwenye mzizi, na zikiwa kavu.

Maji kwanza, mafuta baadaye. Mafuta ya kichwa hayawezi kuteremka vizuri kwenye nywele iliyojikunja, ndiyo maana zetu hukauka upesi. Paka mafuta kidogo, ya mise au ya nyonyo, nywele zikiwa bado na unyevu, ili yafungie maji ndani.

Usiku funga kitambaa laini cha saten. Huo ndio mto wetu wa mbao.

Ukisuka, sukia nywele zako mwenyewe au suka kwa uzi, usikaze, na ufumue baada ya wiki moja au mbili ili uoshe.

Nimebakiza mama mkwe. Jumapili alikuja baada ya ibada, akaniona, akaketi bila kusema. Mnajua kwetu mwanamke akinyoa watu wanafikiri ujane, na mwanawe alikuwa amekaa palepale anakula. Nilimweleza yote: mtoto, beseni, yale maji mekundu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mjukuu wake akae kati ya magoti yake, akanigeukia, "Uzi uko wapi?" Akamsuka kwa uzi mweusi, kama alivyosukwa yeye enzi za Zaire, bila kukaza. Mtoto hakulia. Alijiangalia kwenye dirisha, akatikisa kichwa, zile nywele zikasimama kila upande.

Mimi nimejiwekea sheria moja: lile neno "ngumu" sitalitamka tena juu ya kichwa cha mtoto. Jumamosi ijayo, tukimaliza likelemba, kila mama aje na binti yake, chanuo la meno mapana na uzi. Maji nitaweka mimi. Tutaosha wamama kwanza, watoto wakiangalia.