Sifuri ya Mama

Mwaka huu mdogo wangu anamaliza sekondari, na jioni, umeme ukiwapo, ninamsaidia fizikia. Tuseme ninamsaidia Kifaransa cha fizikia, maana kwa hesabu ananishinda.

Juzi tulikuwa kwenye vipimo vya skala na vya vekta. Skala inatosheka na kiasi: kilo 5 za mchele, saa 2. Vekta haitosheki. Ukisema umesukuma mlango kwa nguvu zote, bado nitauliza: kwa ndani au kwa nje? Kitabu kinadai hata mambo mawili, "direction" na "sens", na hapo mdogo wangu alikwama, kwa sababu sisi yote mawili tunayaita upande. Nikamwambia: barabara ya Bunia na Komanda ndiyo direction, sens ni kule unakoelekea, Komanda au Bunia. Akaelewa.

Kisha likaja neno "déplacement". Umbali uliotembea ni skala, hukusanya kila hatua. Déplacement ni vekta, mstari ulionyooka kutoka ulipoanzia hadi ulipoishia. Mtu akienda mita 100 akarudi mita 100, ametembea 200, lakini vekta ya kwenda na ya kurudi zinafutana. Déplacement ni sifuri.

Mama alikuwa anachambua maharage. Neno hilo analijua: mjini kwetu "déplacés" ni watu wa kambini, na yeye mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia na mapigano yakawaka mjini, alitoka kwa miguu, mimi mgongoni: Komanda, Eringeti, Oicha, hadi Beni. Baadaye tulirudi kwenye kiwanja kilekile. Mabati hayakuwapo tena.

"Basi kwa kitabu chenu mimi ni sifuri?"

"Ulitembea sana, Mama," mdogo wangu alijibu. "Ila hukuhama."

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyemwandikia "uhamisho" kwenye daftari. Lakini kuhama ni kung'oka mahali ukaenda kukaa pengine. Anayehama hubeba sufuria na watoto, na akirudi hawezi kuambiwa kwamba hakuhama. Nikafuta, nikaandika "badiliko la mahali". Ni refu, halipendezi, lakini halimkanushi mama yangu.

Mdogo wangu alichora nukta moja, ndiyo vekta ya sifuri. Mama akamwomba aandike Beni pembeni yake.