Jina Langu Katika Fomu ya Kijana Wangu



Ndugu wasomaji, leo sitaandika darsa. Nataka kuwasimulia habari ya kijana niliyemsomesha alifu, be, te hapa Buyenzi, Bujumbura, akiwa na miaka 7. Mwaka 2014 alipata viza ya bahati nasibu akaenda Marekani. Huko alisafisha sakafu za hospitali usiku, mchana akasoma uuguzi, mpaka Allah akamjaalia shahada na uraia. Sasa anaomba kuwa afisa wa akiba katika jeshi la nchi kavu la nchi ile, upande wa wauguzi.

Afisa wa akiba ana kazi yake ya uraiani. Jeshini huenda, kwa kawaida, wikiendi moja kwa mwezi na wiki 2 kwa mwaka, ingawa akiitwa vitani ataitika. Muuguzi mwenye shahada huingia moja kwa moja na cheo cha afisa. Mimi nilidhani "moja kwa moja" maana yake ni haraka. Wapi! Kuna vipimo vya afya, kuna barua za watu wanaomfahamu, kuna uchunguzi wa usalama, kuna baraza la kuchagua, na mwisho jina huingizwa katika orodha inayoidhinishwa kwa niaba ya rais. Ndipo mtu anakula kiapo. Kila mlango una kungoja kwake.

Uchunguzi wa usalama ndio ulionifikia mimi. Fomu yake inamtaka mwombaji aandike alikoishi, safari zake, jamaa zake, na watu wasio raia wa Marekani ambao bado ana mawasiliano nao ya karibu, wale aliofungamana nao kwa mapenzi au wajibu. Akanipigia simu baada ya Isha.

"Ustadh, nakuomba tarehe yako ya kuzaliwa, anwani na kazi yako. Nataka kukuandika."

Nikamwambia nitatuma kesho. Sikutuma. Zikapita wiki 5.

Ndugu msomaji, kwetu Burundi orodha ya majina si kitu chepesi. Mwaka 1972 watu walichukuliwa kwa majina yaliyoandikwa, wengi wao wasomi, walimu na wanafunzi, wala hawakurudi. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini marehemu baba yangu hakupenda jina lake liandikwe hata katika daftari la michango ya msikiti. Leo mimi, mwalimu wa madrasa, niandikwe katika karatasi za jeshi la Marekani?

Basi nikajificha nyuma ya elimu. Nikamwandikia ujumbe mrefu kuhusu Muislamu na majeshi, kiapo kuwa ni amana, na ikitokea vita atakuwa upande gani. Maswali hayo ni ya kweli, na mpaka leo yananisumbua. Lakini siku ile sikuyauliza kwa ajili yake. Niliyauliza ili nisitoe alichoniomba.

Alinijibu kwa adabu. Alikwisha waendea maimamu wa huko, nao hawakuafikiana. Akanikumbusha kwamba jeshi hilo lilimpata imamu wake wa kwanza mwaka 1993, Abdul-Rasheed Muhammad. Kisha akasema, "Ustadh, jeshi linanichelewesha na najua ni utaratibu wao. Kwako nangoja nini?"

Nikaenda kwa mama yake, anayeuza vitenge sokoni. Kusema kweli nilitaka aniunge mkono. Kumbe yeye alitoa habari zake siku ile ile alipoombwa.

"Mwalimu," akaniambia huku anakunja kitenge, "mtoto yuko mbali vile, anaulizwa watu wake ni nani, anakutaja. Mimi ningeumia kama angeniacha."

Usiku ule nilituma kila kitu, hata jina la babu, ambalo hakuliomba. Nikamtaka radhi. Alisema tu, "Yamekwisha, Ustadh."

Hayo yalikuwa mwezi wa Rajabu. Ramadhani imepita na Idi tumeswali, naye bado hajajibiwa. Simu ikilia kwa namba ya nje naipokea haraka, nikidhani ni habari. Ijumaa iliyopita aliniomba tusome pamoja Surat Yusuf, maana tajwidi imeanza kumtoka. Tukafika aya ya 42, Nabii Yusuf amesahauliwa gerezani, na mimi salio likaniishia. Tutaendelea Ijumaa hii, in shaa Allah.