Daftari la Maswali

Mwaka 1978 nilikuwa mkufunzi mwenye dhamana ya maktaba katika chuo kimoja cha ualimu hapa Tanzania. Dhamana yenyewe ilikuwa funguo mbili na daftari la kuazimia. Kila mwisho wa muhula nilivihesabu vitabu, nami nikijisifu kwamba hakijapotea hata kimoja. Kama vilisomwa, hilo sikujiuliza.

Siku moja alipiga hodi mama mmoja wa kijiji jirani, mwanakisomo aliyefaulu mtihani wa taifa wa 1975. Nikamkaribisha. Akasema, "Mwalimu, nimesikia hapa kuna vitabu. Kipo cha kideri? Kuku wangu wanakwisha."

Kitabu cha ufugaji wa kuku kilikuwapo, tena kizuri, lakini kwa Kiingereza. Na kanuni za maktaba, ambazo nilizibandika mlangoni kwa mkono wangu, zilikataza kuwaazima wasio wanachuo. Nikamweleza hayo kwa upole mwingi. Akashukuru, akaenda zake. Upole ule umenisumbua kuliko ukali wowote niliopata kumfanyia mwanafunzi.

Jioni niliwasimulia wanachuo wa mwaka wa pili. Mmoja wao akakiomba kile kitabu, akaandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: dalili za kideri, kwamba hakina tiba, kwamba kuku huchanjwa wangali wazima, na mizoga hufukiwa au huchomwa. Tulipoufikisha kijijini, kuku walikuwa wamesalia watatu.

Ndipo nikafungua daftari la pili, la kuandikia maswali ambayo maktaba yetu haikuweza kuyajibu. Kila Ijumaa wanachuo waligawana maswali hayo, wakatafuta, wakafasiri, wakaandika majibu yanayosomeka na mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Nimejaribu njia nyingi za kufundisha matumizi ya maktaba, wala sijaona zoezi lililowaonyesha walimu watarajiwa upesi zaidi tofauti ya kunakili kitabu na kumjibu mtu.

Miaka ya baadaye nilimsoma S. R. Ranganathan wa India, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kukabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Kanuni ya kwanza kati ya tano alizozitoa mwaka 1931 ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Jambo hilo laonekana dogo, mpaka mtu akumbuke kwamba katika Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Mimi nilikuwa na funguo mbili. Mwaka huohuo wa 1931, huko Mannargudi, kusini mwa India, vitabu vilipakiwa katika gari la kukokotwa na ng'ombe, vikawafuata wasomaji vijijini. Na mwaka 1996 maktaba ya taifa ya Kenya ilianza kuwapelekea vitabu kwa ngamia wafugaji wanaohamahama wa Garissa.

Nawasifu waliobuni safari hizo. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kazi ngumu zaidi ni ile ya safari ya kurudi: ngamia anaporejea mjini, je, amebeba maswali ya wasomaji, au masanduku yaleyale tu?

Siku hizi mwanachuo hupata jibu katika simu kabla mimi sijavaa miwani, na wapo wanaouliza maktaba ni ya nini tena. Nikialikwa vyuoni huwapa swali lilelile la kideri. Simu huwamwagia majibu, mengine yakiahidi kuuponya ugonjwa usio na tiba. Basi tunakaa kitako kuulizana ni nani aliyeandika, lini, naye alijuaje. Na hapo saa moja ya somo haitoshi.

Daftari lile ningali nalo. Swali la kwanza niliandika mimi. La pili aliliandika yule mama mwenyewe, aliporudi baada ya miezi miwili, kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka: chanjo inapatikana wapi, ikiwa bwana mifugo hafiki kwetu?