Nilimdhania Mpwa Wangu kwa Ajili ya Betri



Huenda ukastaajabu kuona mtu anakuletea habari ya betri ya gari katika kurasa ulizozoea kusoma habari za malezi na mwenendo mwema. Nakuomba univumilie. Betri hiyo ilinifikisha mahali ambapo nilimdhulumu mtoto wa dada yangu, na laiti si fundi mmoja wa Omurushaka, mpaka leo ningali nikijiona mwenye haki.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka 2018 biashara ya vitenge na mashuka ilinifikisha wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nikapanga nyumba Kayanga. Usidhani kwamba sisi watu wa pwani ni wageni huko. Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876, katika zama za Mfalme Rumanyika, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na watu wao wamekwisha kaa Kafuro. Wao walifika kwa miguu pamoja na wapagazi. Mimi nilifika na gari dogo lililokwisha tumika Japani. Kila siku isipokuwa Ijumaa nilitoka alfajiri na mali yangu kwenda kwenye magulio, mara Omurushaka, mara Nkwenda, mara nyingine mpaka Murongo, ambako Mto Kagera ndio mpaka wetu na Uganda. Nkwenda na Murongo zimo katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na njia ya kwenda huko siku hizo ilikuwa ya vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya mikunjo ya vitenge.

Mwaka 2019 dada yangu alinipa mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa, anisaidie kazi. Alikuwa mpole, msemaji mdogo, na kazi yake ya Ijumaa ilikuwa kuosha gari baada ya swala. Akiosha, hufungua redio.

Basi ikaanza balaa. Jumamosi moja alfajiri nikazungusha ufunguo, stata ikatoa sauti ya "tik, tik", na gari likanyamaza. Tukalisukuma kwenye mteremko likawaka. Wiki nzima likawa halina neno. Jumamosi iliyofuata, yale yale. Nikanunua betri mpya. Ilitufaa wiki mbili, na Jumamosi ya tatu ikawa kama ile ya kwanza. Nikamwendea aliyeniuzia, nikamwambia maneno ambayo sitaki kuyakariri hapa. Nikanunua nyingine. Nayo ikafuata njia ya mwenziwe.

Sasa tazama, ndugu yangu, jinsi akili ya mtu inavyojenga kesi. Gari linakufa Jumamosi. Nani analigusa Ijumaa? Kijana. Anafanya nini? Anafungua redio. Je, ulihitajiwa ushahidi mwingine? Nilimwita mbele ya mke wangu na jirani, nikamwambia kwamba yeye husahau redio, au taa, au vyote viwili. Akasema, "Mjomba, redio niliizima, Wallahi." Nikamjibu kwamba asiape kwa jambo dogo. Akaongeza neno, kwamba chini ya kiti cha dereva pana joto hata gari likiwa limelala. Nikamwambia ni joto la injini. Nikamnyang'anya ufunguo. Usiku huo nikampigia simu mama yake nikamwambia kwamba mwanawe ni mzembe, nami nitamkatia tiketi ya basi arudi Tanga, safari ya siku mbili. Dada yangu alilia. Mimi nilikwenda kulala.

Kabla ya kukata tiketi nililipeleka gari kwa fundi wa umeme wa magari hapo Omurushaka. Sikwenda kutafuta ukweli, nilikwenda aniangalizie betri ya tatu. Fundi, Mnyambo mtu mzima, alinisikiliza kisha akauliza, "Shehe, umepima, au umebadilisha tu?"

Akachomeka mita yake kwenye betri injini ikiwa imezimwa: volti 12.1. Akanieleza kwamba betri ya gari iliyojaa, ikisha pumzika, husoma kama 12.6; ikifika 12 iko karibu na ukingo. Akawasha injini, mita ikapanda mpaka 14.2. "Kizalisha umeme kinafanya kazi," akasema. "Betri yako inajazwa. Kuna anayekunywa usiku."

Namna alivyomtafuta mnywaji huyo nitakueleza kwa kirefu, kwani inaweza kukufaa. Alizima kila kitu, akafunga milango, na boneti ikabaki wazi. Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akaiweka mita katikati, kati ya waya ule na kichwa cha betri, ili kila tone la umeme linalotoka lipite ndani ya mita. Aliiweka upande wa ampea 10, akanionya nisithubutu kuwasha gari katika hali ile, kwani stata huvuta ampea mia na zaidi na fyuzi ya mita itaungua papo hapo. Kisha akakaa chini.

"Mbona hupimi?" nikauliza.

"Magari ya sasa hayalali mara moja. Ngoja nusu saa."

Akanipa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi ya huko: buni zilizochemshwa na kukaushwa, unazila kama karanga. Sisi tuliozoea kahawa chungu ya kikombe huona ajabu mwanzoni, lakini huzoeleka.

Nusu saa ilipopita tukasoma: ampea 0.52. Fundi akatikisa kichwa. Gari lililolala, akasema, lisipite 0.05 hivi, za saa na kumbukumbu ya redio. Akachukua kipande cha boksi akapiga hesabu. Kutoka Alhamisi saa 12 jioni, ninapolifikisha gari nyumbani, mpaka Jumamosi saa 11 alfajiri, ni saa 35. Saa 35 mara nusu ampea ni ampea-saa 17 na nusu. Betri yangu ilikuwa ya 45. Siku nyingine gari lililala saa chache, asubuhi injini ikarudisha kilicholiwa. Ijumaa peke yake ndiyo iliyokuwa na mikesha miwili. Na betri za namna ile, zikikaushwa mara kwa mara, sahani zake za risasi huharibika, ndipo hata mpya ikachoka kwa wiki chache. Juu ya hayo kuna baridi ya alfajiri katika vilima vile vinavyopita mita 1,500. Baridi hailili betri, lakini hufichua iliyo dhaifu.

Akaanza kuchomoa fyuzi, moja moja, huku akitazama mita. Taa za ndani: 0.52. Honi: 0.52. Redio: ikashuka kidogo mno. Moyoni nilikuwa nikingojea ile ya redio, nami naona haya kukuambia kwamba nilisikitika ilipomtoa kijana hatiani. Zikaisha zote na tarakimu zikabaki pale pale.

"Basi yuko nje ya sanduku la fyuzi," fundi akasema. Akafuata waya mwekundu mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri, ukapita chini ya zulia, ukaingia chini ya kiti cha dereva. Akaingiza mkono, kisha akanishika wangu akauweka hapo. Palikuwa na kisanduku cha chuma, kina joto kama paka aliyelala.

Kilikuwa kikuza sauti cha spika. Nilikitia mimi mwenyewe, mwaka 2018, kabla sijaondoka Tanga, ili nisikie redio vizuri njiani. Ule waya mwembamba unaokiamsha redio ikifunguliwa na kukilaza ikizimwa ulikuwa umeunganishwa na umeme wa kudumu. Redio ikizimwa spika zilinyamaza, bali kisanduku kiliendelea kukesha. Fundi akachomoa fyuzi yake ndogo iliyokuwa karibu na betri. Mita ikasoma 0.03.

Joto la injini, nilimwambia mtoto yule.

Fundi alihamishia ule waya mwembamba mahali pake kwa dakika kumi, akatoza fedha kidogo sana kuliko bei ya betri moja. Nikarudi Kayanga polepole. Kabla sijaingia ndani nikampigia dada yangu, nikamweleza yote, hata hilo la joto la kiti. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Na yeye umekwisha mwambia?" akauliza.

"Bado."

"Basi wanieleza mimi kwa nini?"

Kijana alikuwa uani akifunga begi lake. Nilimwita mke wangu, nikaenda kubisha hodi kwa jirani yule yule, nikamwomba aje.